Bei ya Mkonge na Shamba la Muhogo

Mazungumzo yetu ya jioni hii yahusu jambo ambalo wataalamu wa uchumi wamelijadili miaka mingi bila ya kupatana, nalo ni sababu ya mataifa machache kujaaliwa neema kubwa na mengine, ambayo ndiyo mengi, kuishi katika dhiki, ilhali watu wa pande zote mbili huamka alfajiri, hutoka jasho, na hurejea nyumbani jioni wamechoka sawasawa. Mchumi Branko Milanovic, aliyeshughulika na hesabu hizi kwa umri wake mwingi, ameonyesha kuwa zaidi ya nusu ya tofauti ya mapato baina ya wanadamu hutokana na nchi anayoishi mtu, hata kabla hujauliza bidii yake, wala elimu yake, wala tabia yake. Jambo lenyewe ni pana mno, na wasaa niliopewa ni mchache; kwa hiyo nimeona heri nilitazame kwa zao moja tu, zao la mkonge, ambalo sisi wa pwani ya Tanga tumelijua kwa mikono yetu na kwa makovu ya mikono hiyo.

Mkonge, kama mjuavyo, si mmea wa kwetu. Asili yake ni nchi ya Mexico, na Wamexico, kwa kuijua thamani ya mali yao, hawakutaka miche itoke. Mwaka 1893 bwana shamba wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa katika utumishi wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikavuka bahari mpaka Hamburg, ikapakiwa tena, na ilipoteremshwa katika bandari ya Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62 peke yake. Hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, na katika uzao wake yakatoka mashamba yaliyotanda kutoka Tanga na Muheza mpaka Korogwe, na kutoka Morogoro na Kilosa mpaka Lindi, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 zilipatikana takriban tani 230,000.

Aliyepata kusimama katika shamba la mkonge wakati wa kukata hahitaji kuelezwa ugumu wa kazi ile. Jani lina mwiba nchani mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Mkataji huuondoa kwanza, kisha hulikata jani kwenye shina, hulitia katika tita, na matita huyapanga kando ya reli ndogo ili yachukuliwe kiwandani, mahali paitwapo korona, ambamo mashine huliponda jani chini ya mfereji wa maji mpaka nyama yake yote ioshwe na zibaki singa. Katika kilo 100 za majani singa hazizidi kilo 4 au 5. Zilizosalia ni maji na makapi yenye harufu kali iliyo chachu, ambayo mgeni huisikia kabla hajaliona bati la kiwanda. Singa zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, zikashindiliwa katika marobota, na marobota yakaenda bandarini. Huko Ulaya na Marekani yakageuzwa kamba, na sehemu kubwa ya kamba hizo ilitumiwa na wakulima kufungia majani makavu ya ng'ombe wao. Ndivyo ilivyokuwa: mkulima wa huko akifunga chakula cha ng'ombe wake kwa jasho la mkulima wa hapa, na yule wa huko alikuwa na nyumba ya matofali na gari, na huyu wa hapa alikuwa na kipande, yaani kadi yake ya kazi, cha siku thelathini.

Sasa tuwaulize wanavyuoni sababu ya hayo.

Mwaka 1960 Mmarekani Walt Rostow, ambaye baadaye alikuwa mshauri wa marais Kennedy na Johnson, alitoa kitabu akidai kuwa mataifa yote hupita katika daraja tano, kuanzia maisha ya jadi mpaka zama ambazo kila mtu ana vitu vya kutumia kwa wingi, na kwamba katikati ya safari hiyo taifa huruka juu kama ndege iachapo ardhi. Rai hii iliwapendeza sana wakubwa wa wakati ule, maana ilimwambia maskini asikate tamaa, na ilimwambia tajiri kwamba hana dhambi. Mmoja ametangulia, mwingine yuko nyuma, njia ni ile ile. Mimi naiona rai nyepesi. Mwenye kusafiri katika njia moja na wenzake hana haja ya kuuliza kama aliye mbele amepanda juu ya mabega yake, na hilo hasa ndilo swali ambalo Rostow hakuliuliza. Tuiache hapo.

Aliyeuliza swali hilo kwa hesabu alikuwa Raúl Prebisch, mzaliwa wa Tucumán katika Argentina, aliyepata kuwa mkuu wa Benki Kuu ya nchi yake, kisha akafanya kazi katika Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Amerika ya Kilatini iliyokuwa na makao yake Santiago. Mwaka 1949 alizishika takwimu za biashara ya Uingereza tangu 1876 mpaka 1938, zilizokuwa zimekusanywa katika Umoja wa Mataifa kwa kazi ya Hans Singer, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza kwa kumkimbia Hitler. Walichokiona wote wawili ni hiki: ikiwa shehena ya mazao ghafi mwanzoni ilinunua bidhaa za viwandani 100, basi kufika mwisho wa muda ule shehena ile ile ilinunua kadiri ya 64 tu. Sababu waliyoitoa ni ya kufikirika vizuri. Mashine ikirahisisha kazi katika nchi ya viwanda, faida yake hugawanywa huko huko, kwa mwenye kiwanda na kwa wafanyakazi walioungana katika vyama vyao, na bei ya bidhaa haishuki sana. Lakini kazi ikirahisishwa katika shamba la mazao ghafi, wakulima ni wengi, hawana umoja, kila mmoja aogopa kubaki na mzigo wake, na faida yote humfuata mnunuzi ng'ambo kwa njia ya bei nafuu.

Wapinzani wao walikuwapo, na haki itendeke, hoja zao hazikuwa za bure. Walisema kwamba bei zile zilipimwa katika bandari za Uingereza, na katika muda ule meli za moshi zilipunguza sana gharama ya kusafirisha mizigo, kwa hiyo pamba ingaliweza kuonekana rahisi London pasipo mkulima wa pamba kupunjwa. Na tena, bidhaa za viwanda za 1938 hazikuwa zile za 1876, kwani ubora ulikuwa umebadilika. Ubishi huo haujesha mpaka leo. Walakini Prebisch hakubaki katika ubishi. Mwaka 1964, Umoja wa Mataifa ulipofanya Geneva mkutano wake mkubwa wa biashara na maendeleo, yeye ndiye aliyekuwa katibu wake mkuu, na humo ndimo mataifa maskini 77 yalimofanya shirika la kusema kwa sauti moja.

Mwaka huo huo wa 1964 mkonge wetu ulikuwa kileleni, na hapo hapo ukaanza kuanguka. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vimejifunza kufuma kamba kwa uzi unaotokana na mafuta ya petroli, ule ambao watu wetu wameuita nailoni pasipo kutafuta jina lake halisi. Na kabla ya miaka ile ya sitini kwisha bei ya mkonge ilikuwa imefika nusu ya ilivyokuwa, au chini ya nusu. Mwalimu Nyerere hakuchoka kuwaambia wageni wa nchi tajiri kwamba trekta ile ile, ya kiwanda kile kile, humtaka Mtanzania atoe mkonge mwingi zaidi kila mwaka upitao, na hakuna aliyeweza kumjibu isipokuwa kwa kumwambia kuwa ndiyo soko. Wala hatukuwa na njia rahisi ya kusokota kamba wenyewe na kuziuza, kwani ushuru wa forodha katika nchi nyingi za viwanda uliwekwa kwa namna ya kupokea singa ghafi kwa mikono miwili na kuitoza kamba iliyokwisha tengenezwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba, ikayatwaa, kwa bahati mbaya, wakati ambao soko lake lilikuwa likizama. Bei ilipanda tena kwa ghafla 1973 na 1974, petroli ilipokuwa ghali na nailoni ikawa ghali pamoja nayo, lakini wakati huo mashamba mengi yalikuwa yamekwisha ota magugu. Na kufika mwanzo wa miaka ya 1990 nchi nzima ilitoa chini ya tani 40,000, na Brazili ikawa imekwisha kalia kiti chetu zamani.

Hapa wengi humaliza hadithi, wakasema: tazama, mazao ghafi ni mazao ya umaskini, na anayeyauza hatatoka. Mimi sikubali kwamba hadithi imekwisha, na sababu ya kutokubali kwangu ni mtu mmoja wa kisiwa kidogo cha Saint Lucia katika bahari ya Karibi, jina lake William Arthur Lewis.

Lewis alizaliwa mwaka 1915, mtoto wa walimu. Alitamani kuwa mhandisi, lakini aliona kwamba katika makoloni yale hapana aliyekuwa tayari kumwajiri mhandisi mweusi, basi akaenda London kusoma biashara, na kwa mlango huo akaingia katika uchumi. Mwaka 1948 alifanywa profesa katika chuo kikuu cha Manchester, na mwaka 1979 alipata tuzo ya Nobel. Swali aliloliuliza Lewis ni jepesi kusemwa, na ajabu ni kwamba watu wengi mno walilipita. Manyoya ya kondoo wa Australia ni zao ghafi. Ngano ya Canada ni zao ghafi. Hayajafumwa, hayajasagwa, yanatoka shambani na kuingia melini kama mkonge utokavyo Tanga. Mbona basi mchunga kondoo wa Australia, katika zama zile zile, alikuwa miongoni mwa watu wenye mishahara mikubwa kabisa duniani, na mkata mkonge wa Korogwe alitembea miguu mitupu? Hapana awezaye kusema kwamba kuchunga kondoo kunahitaji akili au nguvu kuliko kukata mkonge.

Jawabu la Lewis ni kuwa tusilitazame zao, tumtazame mtu, na hususan tutazame mtu huyo angalipata nini kama angaliikataa kazi ile. Katika karne ya 19 na mwanzo wa 20 watu wapatao milioni 50 walitoka Ulaya kwenda Marekani, Canada, Argentina na Australia, na wengine wapatao idadi hiyo walitoka India na China kwenda kufanya kazi za mashamba na migodi katika nchi za joto. Mzungu aliyeombwa kwenda Australia alikuwa ameacha nyuma shamba la ngano ambalo, kufika mwaka 1900, katika Uingereza lilitoa ratili 1,600 kwa eka. Kumtoa hapo ilibidi apewe zaidi ya hizo. Mkulima wa nchi za joto alikuwa akipata nafaka ratili 700 kwa eka, na huyo aliridhika na ijara iliyopita kidogo tu kile alichokuwa akikipata kwake. Kisha nchi za wahamiaji wa Kizungu zikafunga milango yao kwa Wahindi na Wachina, ili ijara zao zisishushwe. Ama nchi za joto hazikuwa na mlango wa kufunga. Kwa hiyo bei ya manyoya ilibeba ndani yake ngano ya Uingereza, na bei ya mkonge ilibeba ndani yake muhogo na mtama.

Tena Lewis aliongeza jambo ambalo kila waziri wa kilimo angefaa kulitafakari kabla ya kusaini karatasi. Miwa, alisema, imeshughulikiwa na wataalamu kuliko zao lolote la nchi za joto, na mavuno yake kwa eka yameongezwa maradufu na kupita. Hata hivyo wakata miwa wamebaki katika vibanda vile vile. Maadamu shamba la chakula la mkata miwa halijabadilika, ijara yake haina sababu ya kupanda, na kila kilichozidi katika miwa kitapungua katika bei ya sukari na kuliwa na mnunuzi ng'ambo. Hapa Lewis na Prebisch wanakutana, ingawa walitoka pande mbali.

Sasa tuirejeshe hoja hii kwetu tuone kama inasimama. Wakataji wa mkonge, walioitwa manamba, aghalabu hawakuwa watu wa Tanga. Walitoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, safari za siku nyingi, na mwaka 1944 wenye mashamba walifungua ofisi yao ya kuwakusanya, ile iliyojulikana kwa jina la SILABU. Ijara yao haikupangwa kwa kutazama mkonge unauzwaje London. Ilipangwa kwa kutazama Muha au Mngoni angalipata nini kwao. Mkewe na watoto wakabaki nyuma wakijilisha kwa jembe, na mwenye shamba hakuona haja ya kulipa ijara ya kulisha nyumba nzima. Bei ya mkonge ilianza kuwekwa katika shamba la muhogo la Kigoma, na soko la London likaja kuthibitisha tu.

Walakini kwa nini shamba la Kigoma lilikuwa duni? Hapo ndipo namwita Walter Rodney, mwana wa Guyana aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa London na Dar es Salaam, na ambaye aliuawa kwa bomu mjini Georgetown mwaka 1980. Rodney, aliyewachunguza manamba pia, angalikuambia kuwa unyonge wa jembe lile haukuwa wa kudra peke yake. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwako ila katika mashamba ya watu wengine. Majimbo yaliyohesabiwa kuwa chimbuko la wafanyakazi hayakutiwa moyo kulima mazao ya biashara. Na wanaume wenye nguvu wakaondoka msimu wa kulima. Lewis mwenyewe hakulificha hilo. Aliandika mwaka 1954 kwamba wenye mitaji katika makoloni walifaidika kwa udhaifu wa kilimo cha chakula, na kwamba kunyang'anya ardhi na kutoza kodi ya kuwasukuma watu kazini ni mambo yaliyotendeka. Wapo wanaomweka Lewis upande mmoja na Rodney upande wa pili, kana kwamba mtu sharti achague. Mimi naona mmoja ameeleza mtambo ulivyofanya kazi, na mwingine amemtaja aliyeuwasha.

Na kuna kisa kimoja ambacho hakitajwi mara nyingi, nacho kilitendeka juu ya vichwa vya wakata mkonge wenyewe. Katika milima ya Usambara, juu ya Muheza, kuna kituo cha Amani kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wawili wa Kiingereza, Storey na Nichols, walifanya kazi huko ya kupambana na batobato, ugonjwa unaokunja na kutia madoa majani ya muhogo na kuidhoofisha mizizi. Wakauoanisha muhogo na mti wa jamii yake uliokuwa ukipandwa kwa ajili ya ulimbo wa mpira, wakawa wanarudia kuoanisha kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata mbegu yenye kustahimili. Kazi ilikoma katika miaka ya 1950. Lakini baadhi ya mbegu hizo zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na miaka mingi baadaye, katika taasisi ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, zilitumiwa kuzalisha aina za muhogo zilizoenea Afrika Magharibi na kulisha mamilioni. Kwa mizani ya Lewis, kazi ile ya watu wawili na vitalu vyao ingalimfaa mkata mkonge kuliko korona zote za bonde la Pangani, na ilikuwa ndogo, ya kimya, na fedha zake zilikuwa za kubabaisha. Robota la mkonge lilionekana bandarini. Muhogo usiougua hauonekani popote ila jikoni.

Lewis alipoitwa na serikali ya Gold Coast, iliyokuwa ikijiandaa kuwa Ghana, atoe shauri juu ya kujenga viwanda, aliwajibu mwaka 1953 kwamba jambo la kwanza ni kuongeza chakula anachokizalisha kila mkulima, na viwanda vitafuata. Shauri hilo halikuwapendeza watu waliokuwa na haraka ya kuona mabwawa na mabomba ya moshi, nami siwalaumu sana, kwani uhuru una kiu yake. Lakini katika miaka ile ile Korea ya Kusini, ambayo mwisho wa miaka ya 1950 mapato ya mtu wake hayakuwa mbali na ya Mghana, ilikuwa imetunga sheria mwaka 1949 ya kuwagawia wakulima ardhi, hata mtu asimiliki mashamba zaidi ya hekta 3 hivi. Na kiwanda chao mashuhuri cha chuma cha Pohang, ambacho Benki ya Dunia ilikitilia shaka na ambacho kilianza kutoa chuma mwaka 1973, kilikuja baada ya hapo. Sisemi kwamba ardhi peke yake iliwatajirisha Wakorea, maana walikuwa na misaada mikubwa ya Marekani na serikali yenye mkono mzito. Nasema tu kwamba kijana wa Kikorea aliyekwenda kiwandani alikuwa na pa kurudi.

Leo mkonge unasifiwa tena. Dunia imeanza kuichoka nailoni inayosakama baharini, wakulima wadogo wa Korogwe na Handeni wanapanda kwa hiari yao, na tunasomewa katika taarifa za habari idadi ya tani zinazotarajiwa. Ningependa kila mara isomwapo idadi hiyo isomwe na nyingine kando yake: mahindi yetu, kwa wastani wa nchi nzima, hayafiki tani 2 kwa hekta, ilhali Marekani hupita tani 10. Mwenye kutaka kujua mkata mkonge wa miaka kumi ijayo atalipwa nini, na aanze kuhesabu kwenye mahindi.